Kilele cha nyuzi 33 kwenye silikoni: mwale uliopita njia ya kuzunguka

Swali la msomaji, kwa ufupi: “Mwalimu, nimetengeneza utando mwembamba wa oksidi ya chuma juu ya kisahani cha silikoni (001), nikaupima kwa mashine ya eksirei yenye bomba la shaba. Karibu na nyuzi 33 nilipata kilele chembamba na kirefu. Mwenzangu anasema ni hematiti. Nilipokitoa kisahani na kukirudisha kesho yake, kilele kikatoweka. Nimesoma kwamba silikoni haitoi uakisi wa 002, kwa hiyo si yenyewe. Je, mashine ina hitilafu, sampuli imechafuka, au kuna nadharia nisiyoijua? Na kama ipo, lazima niijue yote?”

Mashine yako haina hitilafu, na sidhani kama sampuli imechafuka. Kwa dalili ulizozitaja, kilele hicho ni cha silikoni yenyewe, tena ni uakisi uleule wa 002 (namba tatu kama hizi hutaja seti ya matabaka ya atomi ndani ya fuwele) unaoambiwa haupo. Ulichosoma si kosa, ila kinahusu hali ya miale miwili ndani ya fuwele: mmoja unaoingia na mmoja unaoakisiwa. Siku ya kwanza kisahani chako kilikaa kwa mkao ulioruhusu mwale wa tatu, na wa tatu akishaingia hesabu yote inabadilika. Siku ya pili ulikirudisha kikiwa kimegeuka nyuzi chache, mwale wa tatu ukakosa nafasi, kilele kikaenda nao.

Tuanze na namba. Seli ya msingi ya silikoni, yaani kisanduku kidogo cha atomi kinachojirudia, ina ubavu wa angstromu 5.431, na matabaka ya 002 yameachana kwa nusu ya hapo, yaani 2.7155. Eksirei ya shaba ina urefu wa wimbi wa angstromu 1.5406. Sheria ya Bragg, inayounganisha urefu wa wimbi, umbali wa matabaka na pembe ya uakisi, inatoa sin θ = 0.2837, pembe ni nyuzi 16.48, na detekta inapaswa kuwa kwenye mara mbili ya hapo, nyuzi 32.96. Kilele kikuu cha hematiti kiko kwenye nyuzi 33.15 hivi. Tofauti ni kama sehemu moja ya tano ya digrii, na sampuli iliyokaa juu au chini kidogo ya mahali pake inatosha kuifuta tofauti hiyo. Kwa hiyo simlaumu mwenzako. Ila hematiti yenye chembe zilizoelekea kila upande haiji na kilele kimoja: ungeona pia kilele karibu na nyuzi 24.1 na kingine karibu na 35.6. Tena haiwezi kutoweka kwa sababu tu umegeuza kisahani.

Kabla ya nadharia, ondoa kwanza mshukiwa mwingine ambaye wengi humsahau. Bomba la shaba halitoi wimbi moja tu. Chini ya mistari yake mikali kuna mwanga mfululizo wa mawimbi ya kila urefu. Wimbi lenye nusu ya urefu, angstromu 0.7703, huakisiwa na matabaka ya 004 kwenye pembe ileile kabisa ambayo 002 ingeakisi wimbi kamili, na 004 ni uakisi wenye nguvu. Kwa hiyo hata bila mwale wa tatu unaweza kuona kitu kwenye 32.96. Namna ya kuwatofautisha ni rahisi. Wimbi la nusu halijali umekigeuza vipi kisahani katika bapa lake, na hufa ukishusha volti ya bomba chini ya kilovolti 16, kwa kuwa fotoni zake zinahitaji nishati ya kiloelektronivolti 16.1. Kilele chako kilitoweka kwa kugeuzwa. Huyo si wimbi la nusu.

Sasa kwa nini 002 imekatazwa? Silikoni ina muundo wa almasi: kila atomi ina mwenzake aliyesogezwa robo ya seli kwenye pande zote tatu. Wimbi linaloakisiwa na kundi la kwanza la atomi na lile linaloakisiwa na kundi la pili huachana kwa fezi (hatua ya wimbi katika kupanda na kushuka kwake) ya 2π(h+k+l)/4. Kwa 002 hiyo ni π kamili: kundi moja linapanda wakati lingine linashuka, jumla sifuri. Kwa 111 ni 3π/2, mawimbi hayafutani, na uakisi unakuwa na nguvu. Katazo la 002 limo ndani ya ulinganifu wa fuwele wenyewe, kwa hiyo halilegei hata ukikumbuka kwamba wingu la elektroni si la duara.

Lakini angalia hesabu hii ndogo: 111 ukiijumlisha na (−1, −1, 1) unapata 002. Mwale unaweza kuakisiwa kwanza na matabaka ya 111, kisha, ukiwa bado ndani ya fuwele, ukaakisiwa tena na matabaka ya (−1, −1, 1). Ukitoka, mwelekeo wake ni ule hasa ambao 002 ingeutoa. Detekta haina namna ya kujua kwamba mwale ulipita njia ya kuzunguka. Kila hatua ya njia hiyo inaruhusiwa. Iliyokatazwa ni ile ya moja kwa moja tu.

Sharti ni moja: matabaka ya 111 nayo yawe kwenye pembe yake ya Bragg wakati uleule. Hapo ndipo kugeuza kisahani kunapoingia, kwa sababu ukikizungusha kukizunguka wima wake, sharti la 002 halibadiliki hata kidogo, lakini nukta nyingine za kimia geuzi (kila nukta inasimamia seti moja ya matabaka) zinapita moja baada ya nyingine kwenye tufe la Ewald, tufe la kufikirika ambalo nukta ikiligusa matabaka yake huakisi. Tufanye hesabu, maana ni fupi. Tumia 1/a kama kipimo, a ikiwa ubavu wa seli na λ urefu wa wimbi. Nusu kipenyo cha tufe ni a/λ = 3.525. Mwale unaoingia una sehemu ya −1 kwenye wima, na sehemu iliyolala kwenye uso ni mzizi wa 3.525² − 1, yaani 3.380. Nukta ya 111 inagusa tufe pale 2k·g + g² = 0, k ikiwa mwale unaoingia na g nukta yenyewe, na g² ni 3. Ukitoa mchango wa wima, inabaki kwamba sehemu iliyolala ikizidishwa na (1, 1) lazima iwe −0.5. Kwa hiyo cos φ = −0.5 ÷ (3.380 × 1.414) = −0.1046, na φ ni nyuzi 96.0 kutoka mwelekeo wa [110].

Nyuzi 96 kutoka [110] ni nyuzi 6 tu kutoka mwelekeo mwingine wa familia hiyohiyo. Na kisahani cha silikoni (001) hupasukia kwenye mielekeo ya familia ya [110]. Kingo za kipande chako karibu hakika ziko huko. Ukikibandika kipande kwa jicho, ukingo ukifuata mashine, unakiweka jirani kabisa na mkao wenye kilele. Kwa ulinganifu wa kimia, jozi ya aina hii peke yake inatokea mara nane katika mzunguko mmoja, nyuzi 6 kila upande wa kila mwelekeo wa [110]. Jozi nyingine zipo, na mashine za kawaida za maabara huruhusu miale kutawanyika nyuzi kadhaa kando, ndiyo maana kilele kinaonekana kwenye eneo pana kuliko hesabu ya mwale mmoja inavyodai.

Katika hesabu hiyohiyo kuna jambo ambalo naona ni zuri sana. Sehemu ya wima ya mwale wa 111 ni −1 + 1, yaani sifuri. Mwale wa tatu hauendi chini wala hautoki. Unatambaa sambamba na uso wa kisahani, na huko unakotambaa ndiko unakoakisiwa tena kwenda kwenye detekta. Kwa sababu hiyo kilele hiki kinahisi hali ya tabaka la juu la fuwele kwa namna ambayo uakisi wa kawaida hauhisi.

Aliyelionyesha jambo hili kwa utaratibu ni Moritz Renninger, mwaka 1937, kwa almasi na uakisi wa 222. Alizungusha fuwele kuzunguka wima wa matabaka ya 222 na kuandika nguvu ya mwale uliotoka: msitari mtulivu, kisha vilele vikali kila mara nukta ya tatu ilipogusa tufe. Tangu hapo kipimo hicho kinaitwa kwa jina lake. Usichanganye lakini 222 na 002. Uakisi wa 222 wa almasi unakaribia sifuri lakini haufiki, W. H. Bragg aliuona mwaka 1921, na chanzo chake ni elektroni za vifungo kati ya atomi, ambazo hazikai kwa duara kuzunguka kiini. Kwa hiyo katika mchoro wa 222 kuna mwale dhaifu wa moja kwa moja ambao vilele vya kuzunguka vinapanda juu yake. Tofauti hiyo ni ndogo kwa sura, lakini ndiyo mlango wa nadharia yote.

Hadi hapa nimesema kana kwamba mwale ni kitu kinachoruka kutoka tabaka hadi tabaka. Picha hiyo inakupa pembe sahihi. Nguvu sahihi haikupi. Kinachojumlishwa ni mawimbi, kila moja na kimo chake na fezi yake, na nguvu ni mraba wa jumla. Nadharia inayofanya hesabu hii kwa ukamilifu ni nadharia ya mwendo, iliyoanzishwa na mwanafizikia C. G. Darwin mwaka 1914 na Ewald miaka michache baadaye, kisha ikaandikwa upya na Laue mwaka 1931 kwa milinganyo ya Maxwell ndani ya fuwele ambayo uwezo wake wa kuitikia umeme unajirudia kama kimia. Wazo lake ni kwamba ndani ya fuwele hakuna mwale unaojitegemea. Kuna uga mmoja, jumla ya mawimbi yote yaliyo karibu na tufe, na kila wimbi linalishwa na mengine yote:

[(K_m² − k²) / K_m²] D_m = Σ χ_(m−n) D_n[m]

D_m ni kimo cha wimbi m, K_m ni namba yake ya wimbi ndani ya fuwele, na k ni ile ya nje. Upande wa kushoto unapima wimbi m liko mbali kiasi gani na sharti lake. Upande wa kulia ni michango kutoka kwa mawimbi mengine. Χ_(m−n) ni kigezo kinachobeba muundo wa fuwele, na alama ya [m] inasema tunachukua ile sehemu tu iliyo kwenye pembe mraba na mwelekeo wa wimbi m. Kigezo χ ni kidogo mno. Kwa silikoni na eksirei ya shaba wastani wake ni kama −0.000015, na udogo huo ndio unaofanya upana wa uakisi wa fuwele safi upimwe kwa sekunde za pembe.

Kwa miale miwili mfumo huu unagawanyika vizuri. Polaraizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi) iliyo kwenye pembe mraba na bapa la miale na ile iliyo ndani ya bapa hazichanganyiki, na kila moja inaacha mlinganyo wa daraja la pili ambao unaumaliza kwa kalamu. Ukiongeza mwale wa tatu ulio nje ya bapa, polaraizesheni zinachanganyika. Unabaki na milinganyo sita iliyofungamana, na uso wa mtawanyo (mchoro wa mawimbi yanayowezekana ndani ya fuwele) una matabaka sita badala ya manne. Isipokuwa kwenye mikao yenye ulinganifu wa pekee, hakuna jibu la kalamu. Lazima kompyuta itafute thamani za pekee za matriksi. Roberto Colella ndiye aliyeweka njia hiyo sawa mwaka 1974 kwa idadi yoyote ya miale, bila kutupa vipengele ambavyo hesabu za awali zilivitupa kwa kurahisisha. Njia yake inaongeza matriksi hadi mara nne ya idadi ya miale, na ndiyo inayokuokoa pale mwale unapotambaa kwenye uso kama wetu wa 111, mahali ambapo makadirio ya kawaida yanashindwa.

Bahati nzuri kuna njia ya katikati, na mimi huwashauri wanafunzi waanzie hapo. Ukichukua mawimbi matatu na kudhani njia ya kuzunguka ni marekebisho tu juu ya ile ya moja kwa moja, unapata:

D_h ∝ χ_h + χ_g χ_(h−g) / ξ

Herufi h ni uakisi unaoupima, g ni ule wa njia ya kuzunguka, na ξ inapima nukta g iko umbali gani na tufe. Kadiri unavyozungusha fuwele, ξ inapita kutoka hasi kwenda chanya. H. J. Juretschke alionyesha mwaka 1982 kwamba umbo hili rahisi linabeba karibu yote muhimu, mradi usikaribie mno ξ = 0, ambako lazima urudi kwenye hesabu kamili.

Ukiiweka 002 yako humo, χ_h ni sifuri, kinabaki kipengele cha pili peke yake, na mraba wake haujali alama ya ξ. Unapata kilele kilicho sawa pande zote mbili, basi. Sasa weka uakisi ambao χ_h yake si sifuri. Mawimbi mawili yanakutana kwenye detekta, moja lililokuja moja kwa moja na jingine lililozunguka. Wakati ξ inapobadili alama, wimbi lililozunguka linageuza fezi yake kwa nyuzi 180. Likianza kwa kuongezana na la kwanza, litamaliza kwa kulipunguza. Mchoro hauwi kilele tena: upande mmoja unapanda, wa pili unashuka chini ya msitari wa kawaida. Ni upande upi unapanda? Hilo linaamuliwa na fezi ya χ_g pamoja na fezi ya χ_(h−g), ukitoa fezi ya χ_h.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa usumbufu wa maabara na kuwa hazina. Kipimo cha kawaida cha difraksheni kinakupa nguvu tu na kupoteza fezi, na bila fezi huwezi kuchora atomi ziko wapi. Herbert Hauptman na Jerome Karle walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1985 kwa mbinu za kukisia fezi hizo kwa takwimu, na msingi wa mbinu zao ni jumla hiyohiyo ya fezi tatu. Jumla hii ina sifa ya pekee: ukihamisha chanzo cha kuratibu, kila fezi inabadilika lakini jumla yao haibadiliki, kwa hiyo ni mali ya fuwele na si ya mchoraji. Difraksheni ya miale mitatu haiikisii. Inaipima. William Lipscomb alilitoa wazo hilo mwaka 1949. Ilichukua miongo kadhaa, kazi ya Colella, ya Ben Post, ya Shih-Lin Chang na ya Kurt Hümmer, hadi likawa kipimo cha kutegemewa.

Kwa fuwele yenye kitovu cha ulinganifu, jumla ni 0 au 180 tu, na unaisoma kwa macho kwenye mchoro. Kwa fuwele isiyo na kitovu inaweza kuwa chochote. Ikiwa +90, mawimbi yanapingana pale katikati kabisa na unaona bonde. Ikiwa −90, yanaongezana na unaona kilele. Maana yake unaweza kutofautisha molekuli ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto bila kuhitaji atomi nzito. Tahadhari moja: mbali na fezi, mwale wa tatu pia unaiba au kuongeza nishati, na hilo linaweka kilele au bonde ambalo halina habari yoyote ya fezi. Dawa yake ni kupima jozi ya h na −h. Fezi inageuza alama kati ya hizo mbili, nishati haigeuzi, na ukizilinganisha unavitenga.

Mwale wa tatu una matendo mengine ambayo nitayataja tu. Gerhard Borrmann alionyesha mwaka 1941 kwamba fuwele safi iliyo kwenye pembe ya Bragg hupitisha eksirei kuliko ufyonzaji wa kawaida unavyoruhusu, kwa kuwa mafundo ya wimbi lililosimama huangukia juu ya atomi. Mwaka 1965 yeye na Hartwig walionyesha kwamba mwale wa tatu unaweza kuupunguza ufyonzaji huo zaidi. Na kwenye sinkrotroni (mashine kubwa ya kutoa eksirei kali), silikoni ya monokromata, kifaa kinachochagua wimbi moja, huwa na nishati fulani ambapo mwale wa tatu unaiba nguvu ghafla. Anayepima spekta ya ufyonzaji anaona mapengo membamba ambayo hayahusiani na sampuli yake.

Kwa kazi iliyo mezani kwako, huhitaji nadharia yote. Zungusha kisahani kwa hatua za digrii moja hadi umalize nyuzi 90, ukipima 32.96 kila hatua; vilele vikija na kuondoka kwa ulinganifu pande mbili za [110], umepata jibu. Kisha, kama chembe za utando zimeelekea kila upande, inamisha sampuli digrii moja au mbili nje ya mkao wa ulinganifu. Silikoni itaondoka, utando utabaki. Kama utando umekua kwa kufuata mpangilio wa silikoni, usiuinamishe. Tafuta mkao wa mzunguko ulio mtulivu na upimie hapo.

Lakini kama swali lako la mwisho ni la mtu anayetaka kuielewa, basi usiishie kwa 002, kwa kuwa ndiyo isiyo na fezi ya kukuonyesha. Andika programu fupi ya D_h kwa vigezo vitatu, uibadilishe jumla ya fezi kutoka 0 hadi 360 na uangalie mchoro unavyogeuka. Halafu iandike matriksi ya sita kwa sita kwa hali ileile, uiweke michoro hiyo miwili pamoja, na uone ni umbali gani kutoka ξ = 0 ndipo inapoanza kuachana.